Kitanda cha Pili

Jandira wa wakala, mwenye kucha za bluu,
alinigeuzia kioo cha kompyuta nijisomee:
Lisboa, Funchal, Ponta Delgada, kisha Lisboa tena,
usiku tisa, chakula ndani, divai juu yako.
Euro mia tisa na arobaini kwa kila mtu.
Nikatoa bahasha.
"Kwa kila mtu," akarudia polepole,
kama anayemvusha kipofu barabara,
"mkiwa wawili."

Na mmoja je?

Mmoja ni elfu moja, mia saba na themanini.

Miaka thelathini na mmoja nilipanga sadini
kiwandani Setúbal, kichwa huku, mkia kule, sita kwa kopo.
Kopo likipungua tuliliweka kando.
Hatukumdai samaki aliyebaki
alipie nafasi ya mwenzake.

"Chumba ni cha wawili, Dona Ermelinda.
Meli haijui kulala nusu."

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Chawa sina.
Nilitaka bahari tu.

Na usinipe pole. Sikufiwa, sikuachwa.
Palikuwa na Abílio, fundi wa mashine ya vifuniko,
aliyeningoja langoni misimu miwili ya samaki,
kisha akachoka kungoja,
nami nikapumua.
Sasa, nina miaka sitini na tisa, naambiwa
nimlipie nauli mtu ambaye hata hakuzaliwa,
asiyekula, asiyetapika mawimbi yakichafuka,
asiye na koti la kubebewa.

Nikashona pindo za suruali, euro nne nne.
Majira yote ya baridi hita ya chumba cha nyuma ilikaa kimya,
nami ndani ya sweta mbili
nikihesabu miguu ya watu.

Chumba 6114, staha ya sita, hakina dirisha.
Bei ya wawili, na dirisha hakuna.
Rodel, mhudumu, kijana wa Iloilo,
aliuliza vitanda viunganishwe au vitenganishwe.
"Vitenganishe," nikasema, "mwenzangu anakoroma."
Akatazama orodha yake. Jina moja.
Akavitenganisha, akanyoosha mashuka yote mawili,
na jioni ile nikakuta chokoleti mbili,
moja kwa kila mto.

Mezani wakaniondolea sahani ya pili haraka
kama mtu anayetoa nzi kwenye maziwa.
"Iache," nikasema. "Imelipiwa."
Jirani zangu, mke na mume wa Braga,
walikuwa hawasemezani tangu Funchal,
sababu ni ufunguo, au dada ya mtu, sikusikia vizuri.
Wao ukimya wao walichangia nusu kwa nusu.
Wangu niliununua mzima.

Usiku wa sita nikahamia kitanda cha pili.
Si kwa huzuni. Nilitaka kujua nimenunua nini.
Godoro ni lile lile, mto ni ule ule.
Ila kutoka pale nilikiona kitanda changu:
shuka limekunjamana, miwani, kitabu cha mafumbo,
kibonyeo cha mwili mmoja katikati.
Nikakitazama kitambo, taa ndogo inawaka.
Nikawaza, mwanamke huyu hana makuu,
hafungui bomba usiku wa manane,
mtu angeweza kusafiri naye.

Nimerudi. Bahasha mpya iko kwenye droo
pamoja na chokoleti nane za yule asiyekuja
(ya tisa niliila bandarini, foleni ilikuwa ndefu).
Jandira ananipungia mkono nyuma ya kioo cha duka.
Pindo nimepandisha, sasa ni euro tano.

Juzi akaja Senhor Baltasar,
aliyekatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya sukari,
na suruali yake ya kijivu mkononi.
Akauliza bei, tayari ameshika pochi.

Nilimtoza mbili na nusu.